Siku ya wazi chuoni: tunataka kuazimisha buti za usalama kwa wageni, tuendesheje?

Mwalimu wa Karakana, Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi hapa Tanga. Kila mwaka tuna siku ya wazi. Wazazi wanakuja, majirani wanakuja, shule za msingi zinaleta watoto, na akina mama wa mtaani wanapanga vitumbua na juisi ya ukwaju nje ya geti. Kinachowavuta hasa ni karakana. Watu wanataka kuona cheche, wanataka kuona vijana wakiyeyusha skrepa ya alumini na kuimimina kwenye kalibu mpaka itoke sufuria.

Shida ni miguu. Huku ni pwani. Mtu akitoka nyumbani Jumamosi amevaa ndala, makobazi au yeboyebo. Mara ya mwisho uongozi uliamua wageni wasiingie kabisa, wakabaki kuchungulia madirishani. Kuna mzee alikuja kumwona mjukuu wake wa kike akichomelea. Alisimama juu ya tofali akanyoosha shingo, na alichoambulia ni mwanga tu. Binti yule ni kati ya wanafunzi wangu bora. Iliniuma sana.

Safari hii uongozi umekubali tuweke kituo cha kuazimisha buti mlangoni. Ninazo jozi 40 mpya, namba 40 hadi 44, na jozi kama 25 za zamani ambazo zimekaa stoo tangu mradi mmoja ulipoisha. Naomba msaada wa waliowahi kuifanya kazi hii. Viatu vya wageni nivihifadhi vipi visichanganyike? Nishike vitambulisho vyao kama dhamana? Watoto je? Na mtu mzima akigoma kuvaa, nani amkatalie?

Mama Stoo, Dar es Salaam

Mwalimu, salaam. Nimekaa stoo za miradi ya ujenzi miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuvalisha wageni: wakaguzi, watu wa benki, wanafunzi wa vyuo, viongozi na misafara yao. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya siku yenyewe.

Anza na zile 25 za stoo. Usizipeleke mlangoni kabla hujazikagua mojamoja. Buti nyingi za kazi zina soli ya poliyurethani, na soli hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Hewa yetu ya pwani, joto na maji pamoja, ndiyo inayoimaliza haraka. Kwa macho buti ni mpya, ngozi inang'aa, kumbe soli imekwisha. Mgeni anapiga hatua chache, kipande kinabaki sakafuni. Kwa hiyo kunja kila buti kwa mikono miwili hapo panapokunjika vidole. Bonyeza kisigino kwa nguvu kwa kidole gumba. Ukiona nyufa, unga, au soli inayoachia kwenye gundi, iweke pembeni. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa utaukuta kwenye kibandiko ndani ya ulimi wa kiatu au kwenye soli yenyewe, nao utakupa picha. Na buti yoyote ambayo kofia yake ya vidole, lile gamba gumu lililo ndani ya ncha, imewahi kupigwa na kitu kizito, hata kama haijabonyea, hiyo imeshamaliza kazi yake.

Kwenye kibandiko hichohicho tafuta ISO 20345, namba ya kiwango cha kimataifa cha buti za usalama. Hiyo ndiyo yenye kofia iliyopimwa kwa pigo la jouli 200, karibu sawa na kilo 20 zikianguka kutoka mita moja. Ukikuta 20347, hiyo ni buti ya kazi isiyolazimika kuwa na kofia ya vidole, hata iwe nzito na nyeusi namna gani. Halafu soma herufi za daraja la kinga. S1 haina kinga ya kuchomwa kutoka chini. S1P na S3 zinayo. Karakana yako ina waya, vipande vya bati na vibaki vya rodi za kuchomelea, kwa hiyo mimi ningetaka S1P au S3 tu. Usitumie sumaku kukagua. Kofia nyingine ni za plastiki ngumu, hazishiki sumaku, lakini zimepita kipimo kilekile.

Zilizofeli usizitupe. Nitakwambia baadaye za nini.

Sasa ukubwa. Namba 40 hadi 44 ni kwa ajili ya wanaume. Akina mama wengi watakaokuja kuwaona watoto wao watahitaji 37, 38, 39. Utajikuta unampa mama wa watu 41 na kumwambia avae soksi mbili. Nakuomba, katika yote niliyoandika, hili ulishike kuliko mengine: buti isiyomtosha mtu inamletea hatari ambayo hakuja nayo. Mguu unaogelea, kisigino kinanyanyuka, anajikwaa kwenye kebo ya mashine, na mkono unatafuta pa kushika. Ndani ya karakana ya kuchomelea, cha kushika huenda kimetoka kukatwa sasa hivi na kina moto. Kwa hiyo kama namba yake haipo, haingii. Tanga mna bandari, mna saruji, mna chokaa; huko wanawake wako kazini na wanavaa buti. Peleka barua mapema, uazime 36 hadi 39 kwa siku moja.

Kupima usiwategemee wageni wenyewe. Wengi hawajui namba yao, na hawana kosa, kwa sababu viatu vya mitumba vinakuja na namba za Uingereza, za Marekani na za Ulaya. Nane ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya. Chukua ubao, pigilia kipande cha mbao nyuma pa kuegemeza kisigino, chora mistari ya namba mbele. Mgeni anakanyaga, unasoma. Akishavaa, ule mtindo wa kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba hausaidii, kofia inazuia. Mwambie asukume mguu mbele kabla ya kamba kufungwa. Kidole chako kimoja kiingie nyuma ya kisigino chake. Funga kamba, atembee, achuchumae. Akisema vidole vinagusa kofia akichuchumaa, mpe ya juu yake.

Na yote hayo yafanyike mgeni amekaa. Tafuta mabenchi kabla ya kutafuta meza. Mzee hawezi kuvaa buti amesimama kwa mguu mmoja katikati ya watu. Wanafunzi wako wapige magoti wawafungie wazee kamba, mafundo mawili, na vitanzi viingizwe ndani visiburute. Kumvalisha mtu vizuri kunachukua dakika tatu nne. Ukiwa na mabenchi mawili na vijana wanne utatoa kundi la watu kumi bila purukushani, na kila kundi liingie na mwanafunzi wa kuliongoza.

Vitambulisho usishike kabisa. Kitambulisho cha mtu kikipotea mikononi mwako umemtafutia safari ndefu. Pesa pia usishike. Dhamana yako ni viatu vyake mwenyewe. Panga buti kwenye rafu, kila jozi na nafasi yake, na namba ya nafasi hiyo iandikwe kwa rangi nyeupe nyuma ya kisigino. Ukitoa jozi ya 17, ndala za mgeni zifunge pamoja uziweke palepale ilipotoka jozi ya 17. Hahitaji tiketi, maana namba anatembea nayo mguuni. Akirudi unaangalia kisigino chake, unampa ndala zake, buti inarudi mahali pake. Ili namba hiyo isichanganywe na ukubwa wa kiatu, ukubwa uonyeshe kwa utepe wa rangi: 38 bluu, 39 kijani, na kuendelea. Rafu isikae bila mtu hata dakika moja, kwa sababu kuna watakaokuja na raba za bei mbaya.

Faida ya mpango huu huioni mpaka siku ya taharuki. Ikitokea moto, ukitupa jicho kwenye rafu unajua mara moja ni wageni wangapi bado wako ndani: kila nafasi yenye kandambili ni mtu. Kwa sababu hiyo mlango wa kuingilia na wa kutokea wakati hakuna dharura uwe mmoja, pale kwenye rafu, na milango ya dharura isifungwe kwa makufuli.

Mgeni rasmi. Huyu ndiye atakayekuvunjia utaratibu kama hukujiandaa. Atakuja na viatu vyake vya ngozi laini, na nyuma yake watu kumi na wawili, mmoja kati yao na viatu vya kisigino kirefu. Piga simu kwa msaidizi wake siku chache kabla, uliza namba za viatu za wote watakaoingia. Jozi zao ziwe tayari, safi, na kiti chake kiwepo. Kiongozi akikaa kwenye benchi na kuvaa buti mbele ya watu, hutabishana na mtu mwingine siku nzima. Akigoma, anatazama kutoka kwenye mstari wa nje kama wengine. Mkuu wa chuo awape vijana wa mlangoni uwezo huo kwa maandishi, na alitangaze asubuhi kwenye kipaza sauti, ili mwanafunzi wa miaka 19 asiachwe peke yake kumwambia mtu mzima "samahani, huwezi kupita".

Uongozi ukiona unazidisha, wakumbushe kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataja pia watu wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika na shughuli za kazini. Mgeni wako yumo humo.

Mwalimu wa Karakana, Tanga

Mama Stoo, Mungu akubariki. Nimekunja zile za zamani jioni hii. Jozi 11 zimepasuka mikononi mwangu, na nyingine mbili ni 20347. Nisingejua.

Mawili yamebaki. La kwanza, jasho na fangasi: jozi moja itavaliwa na watu wengi mfululizo. La pili, kumimina alumini. Wageni wakishavaa buti naweza kuwasogeza karibu na tanuri?

Fundi wa Alumini, Nairobi

Salaam nyote. Mimi nimefunzwa kazi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, sufuria na vyuma vya kusubu ndiyo mkate wangu. Yote aliyosema Mama Stoo nayaunga mkono kwa karakana ya kuchomelea. Lakini kwa tanuri, mwalimu, nakusihi usiwasogeze.

Buti ya kamba ni adui mbele ya chuma kilichoyeyuka. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na wakati wa kumimina huwa imepita 700. Tone likiingia kwenye ulimi wa kiatu au katikati ya kamba linakwama pale pale likiunguza, na mtu hawezi kufungua kamba kwa haraka. Ndiyo sababu mmiminaji huvaa buti ya ngozi isiyo na kamba, ya kuvuta, na suruali inashuka juu ya buti, haichomekwi ndani. Buti ya mgeni imetengenezwa kuzuia kitu kisimwangukie vidoleni. Kwa chuma cha maji hakuna kinga hapo. Gambuti za mpira ndizo mbaya zaidi, msimruhusu mtu hata mmoja.

Hatari nyingine iko sakafuni. Zege huwa limeficha maji ndani yake. Chuma cha moto kikimwagika juu yake, yale maji yanageuka mvuke ghafla na kupanuka zaidi ya mara elfu moja. Zege linarusha vipande, na chuma kinaruka navyo. Mwageni mchanga mkavu pale pa kumiminia, mkavu kweli, usiwe ule wa jana ulionyeshewa. Skrepa pia ikaushwe juu ya tanuri kabla ya kutumbukizwa. Kopo la soda lenye tone la maji ndani linatosha kuwarushia chuma usoni.

Wageni wakae nyuma ya kizuizi kigumu, si utepe wa plastiki, na upepo uwapige mgongoni kuelekea tanuri ili moshi uwakimbie. Ukiweza, jengeni jukwaa la mbao la ngazi mbili tatu huko nyuma. Kutoka juu wataona mmimino vizuri kuliko anayesimama karibu, na hapo hata wa ndala anaona. Sufuria ikishapoa, iletewe watu waishike. Hapo ndipo watoto wanapofurahi.

Nesi wa Zamu, Muheza

Nichangie kwenye la fangasi. Mguu mtupu usiingie kwenye buti ya kuazima. Nunueni soksi za bei ndogo kwa jumla, kila mgeni apewe zake aondoke nazo. Akija na soksi zake safi, vizuri. Nimeona mahali wanavalisha watu mifuko ya plastiki miguuni; mguu unateleza ndani ya kiatu, na mnarudi kwenye kule kujikwaa alikosema Mama Stoo.

Soli za ndani zile zinazotoka, tafuteni seti ya pili. Mgeni akirudisha buti, soli ya ndani inatoka, inapuliziwa dawa ya viatu ya kuua fangasi, inaanikwa, na kavu inaingia. Jozi ipumzike kidogo kabla ya kumpa mwingine. Msiloweke wala kupangusa na jiki, inakula ngozi na nyuzi. Jioni legezeni kamba, vuteni ulimi, ziwekeni kivulini penye upepo na magazeti ndani. Jua kali na joto la tanuri vinakakamaza ngozi.

Kitu kingine kinanigusa zaidi, kwa sababu nauguza vidonda vya miguu kila wiki. Kati ya wageni wako kutakuwa na wenye kisukari, na baadhi yao miguu imekufa ganzi. Buti ikimbana au kokoto ikibaki ndani hatasikia, na kidonda anakigundua nyumbani. Mtu kama huyo anaweza kupoteza mguu kwa jambo dogo kama hilo. Kijana wa benchi aulize kwa sauti ya chini: "Mama, una kidonda mguuni, au ganzi, au miguu inavimba?" Akisema ndiyo, asivalishwe buti. Apelekwe kwenye lile jukwaa, apewe kiti cha mbele. Wajawazito pia miguu huvimba, hasa mchana, kwa hiyo aliyepimwa asubuhi akarudi saa nane apimwe upya. Kila buti ikung'utwe kabla ya kuvalishwa mtu.

Na wekeni maji safi yanayotiririka karibu na karakana. Aliyeungua anamwagiwa maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na asali vikae mbali.

Mama Stoo, Dar es Salaam

Nesi, umenifundisha. Hilo swali la ganzi naliingiza kwenye utaratibu wangu kuanzia leo.

Mwalimu, nilikuahidi zile buti zilizofeli. Chukua mbili, zikate katikati kwa msumeno kuanzia kisigino hadi ncha. Kofia itaonekana, bamba la chini litaonekana, tabaka za soli zitaonekana. Zibandike kwenye ubao pale foleni inapopita. Mtu akishapitisha kidole kwenye ile kofia na kuona ilivyo nene, hulazimiki kumshawishi avae. Nyingine zitoboe soli au zikate ulimi kabisa kabla ya kuzitupa, kwa sababu buti mbovu ikitoka getini ikiwa nzima, kuna kijana ataiokota aende nayo kazini akiamini analindwa.

Watoto: buti za namba zao hutazipata, basi wasiingie. Wala usiwanunulie vile vifuniko vya vidole vya kuvalia juu ya kiatu; juu ya ndala havikai. Wachorewe mstari wa njano nje ya mlango mkubwa, na mstari huo uwe mbali kiasi kwamba cheche za grenda haziwafikii. Mahali pa kuchomelea pawe na pazia la kuzuia mwanga au kioo cheusi cha kuchomelea, maana macho ya mtoto hayalindwi na buti. Waliovaa madera marefu nao watazame kutoka hapo, hata kama buti imewatosha. Kitambaa chepesi kinachoburuta na cheche havipatani.

Mwalimu wa Karakana, Tanga

Nimekaa na mkuu wa chuo na wakuu wa idara. Wageni wataingia karakana ya kuchomelea na ya mitambo, kumi kumi, wakiwa na buti. Tanuri linahamia uwanjani, upande wa kusini, na wanafunzi wa useremala wameanza jukwaa la ngazi tatu. Pembeni tumeweka mteremko kwa wasioweza kupanda. Rafu imekuwa ya nafasi 52. Barua ya kuwapa vijana wa mlangoni uwezo wa kukataa imesainiwa, na itabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Soksi tumeagiza.

Kinachonibana ni namba ndogo. Kiwanda kimoja kimeniahidi jozi sita za 38 na 39. Mwenye 36 au 37, iwe S1P au S3, soli nzima, hapa Tanga mjini, Muheza au Korogwe, naomba aniandikie hapa hapa. Nitazifuata mwenyewe kwa bodaboda na kuzirudisha Jumatatu zikiwa zimekaushwa na kupigwa dawa.